Mguu wa Wilaya

Ilikuwapo nchi moja, na wasemao kwamba ingalipo siwabishii, ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa. Ni wanyenyekevu mno. Unyenyekevu wao unajulikana bara zima, maana wameutangaza kwa mabango barabarani, kwa nyimbo za kwaya na kwa mizinga inayopigwa kila mwaka.

Katiba ya nchi hiyo ilijengwa juu ya lile neno la Bwana kwamba atakaye kuwa mkubwa sharti awe mtumishi, na atakaye kuwa wa kwanza awe wa mwisho. Wenzetu walilichukua neno hilo kwa uzito wote. Cheo cha Mheshimiwa kikafutwa kwa kuwa kina kiburi, na wakubwa wote wakaitwa Watumishi. Wafagiaji, wapishi na wapiga deki, ambao ndio waliokuwa wakiitwa watumishi tangu enzi za mababu, waliambiwa kwa upole watafute jina jingine kwani hilo limeshapata wenyewe. Walipokawia kulipata, serikali ikawasaidia. Wakaitwa Wengineo.

Juu ya Watumishi, au tuseme chini yao, walikuwapo Wadogo. Mdogo wa Kata alipewa pikipiki, Mdogo wa Wilaya gari, Mdogo wa Mkoa gari na walinzi. Kileleni, yaani kule bondeni kabisa, alikaa Mdogo wa Wote, katika jumba lililoitwa Kibanda cha Taifa, ambalo wageni walipotea ndani yake wakitafuta choo. Kwa itifaki hakuna aliyeruhusiwa kukaa chini kuliko yeye. Basi ukumbi wa mikutano uliinuliwa sakafu nzima kwa zege, yeye akaachiwa shimo katikati, na kwa kuwa humo shimoni hakuna aliyeweza kumwona, likawekwa pazia kubwa la sinema ukutani ili taifa limtazame alivyo chini.

Usumbufu kidogo ulikuwapo, sikatai. Kila mtu alitaka kuwa wa mwisho, kwa hiyo foleni zilipiganiwa mkiani. Watu walichaniana mashati kule nyuma, na huku mbele dirishani hapakuwa na mtu, karani amejilalia. Ibada ya asubuhi ilianza alasiri, sababu Watumishi wote walikuwa wamesimama nje ya mlango wakiambiana, "Tangulia, mpendwa," na anayetangulia amekwisha. Mdogo wa Mkoa mmoja alivuliwa cheo kwa kosa la kutangulia kuchota maji nyumba ya jirani ilipokuwa ikiungua. Nyumba ilipona, lakini sheria ni sheria.

Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo iliyomkosesha usingizi Mtumishi Ambakisye, Mdogo wa Wilaya ya Lwambi, na habari hii ni yake.

Ambakisye hakuanzia kwenye gari. Alianza kama mwinjilisti wa miguu, mwembamba, viatu vimeliwa kisigino upande mmoja. Katika mtaa wake alikuwapo mjane aitwaye Mama Tusajigwe, mpiga deki wa soko, mmoja wa Wengineo, mwenye kidonda kwenye mguu wa kushoto juu kidogo ya kifundo. Kidonda kilinuka. Kanisani alikaa benchi lake peke yake, na hakuna aliyemfukuza mwenzake hapo, kila mtu alihama kwa hiari.

Basi kila Jumamosi mwinjilisti alikwenda kwake na beseni la plastiki la bluu, lenye ufa uliozibwa kwa kuyeyushwa na kisu cha moto. Alichemsha maji, akatia chumvi, akakiosha kidonda, akakifunga kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa. Huku akiosha walipiga soga. Mama Tusajigwe aliwasema wauza maharage wa sokoni mmoja mmoja kwa jina, naye mwinjilisti akicheka mpaka maji yanamwagika. Hakufikiri hata mara moja kwamba anahudumu. Alifikiri anamwosha Mama Tusajigwe kidonda.

Bahati, au sijui tuiiteje, ikapita njia hiyo. Mdogo mmoja wa Mkoa gari lake lilipasuka gurudumu mbele ya nyumba ya yule mjane, akachungulia mlangoni kuomba maji ya kunywa, akamkuta mwinjilisti amepiga magoti. Alisahau kiu yake. Akaita mpiga picha. Mwezi haukuisha, picha ile ikawa kwenye kalenda ya taifa, mwinjilisti akawa Mtumishi, na mguu ukaandikishwa serikalini kwa jina la Mguu wa Wilaya. Ukishaandikishwa hivyo, mguu hauvuki mpaka wa wilaya bila idhini ya Mtumishi wake, maana ni mali ya umma.

Tangu hapo kuoshwa kwa mguu kukapanda hadhi. Kulihamishwa Jumapili mbele ya washarika ili nao wabarikiwe. Baadaye kukawa kwa mwezi mara moja, kukiwa na kwaya, na Ambakisye alipokuwa Mdogo wa Wilaya kukawa kwa mwaka mara moja, kukiwa na tarumbeta. Kidonda, kilichokuwa kimezoea Jumamosi, hakikuulizwa.

Mama Tusajigwe naye alibadilisha neno moja tu. Zamani alimwita mwanangu. Sasa alimwita Mtumishi, kama watu wote, na Ambakisye, ambaye kutoka kwa watu wote alilisikia jina hilo kwa raha, kutoka kwake lilimchoma. Alijiambia ni heshima.

Mwezi mmoja kabla ya Siku ya Beseni, ambayo ndiyo sikukuu ya kitaifa ya kuosha miguu na ndiyo siku ya kuteua Wadogo wapya, nesi wa zahanati ya Lwambi, Bupe, alimjia ofisini. Alisubiri sana mlangoni, kwa kuwa wageni wengine wote walitaka kuingia baada yake naye hakuamini kwamba kweli ndiye wa kwanza. Alimweleza kwamba mfupa wa Mama Tusajigwe umeanza kuguswa na uozo wa kidonda. Apelekwe hospitali kubwa kule ng'ambo ya milima wiki hii hii, wamsafishe na kumpa dawa za mshipa, na mguu utabaki. Mabasi hayafiki huko, gari lilikuwa la Mtumishi, na idhini ilikuwa ya Mtumishi.

Ambakisye alijua kwamba mgombea asiye na mguu wake mwenyewe wa kuosha siku hiyo hupewa mguu wa akiba na kamati ya sherehe, na hakuna aliyewahi kupata mkoa kwa mguu wa kuazima.

"Siku ya Beseni ni mwisho wa mwezi huu," alisema. "Haiwezekani tukavumilia mpaka hapo?"

"Mgonjwa atavumilia, amezoea," Bupe alijibu. "Kidonda ndicho hakijafundishwa kuvumilia, Mtumishi."

Ambakisye alimwahidi kwamba atalifikiria jambo hilo katika maombi. Na kweli aliomba, wala msidhani ni mnafiki wa kawaida. Alifunga kula, akapiga magoti, akamweleza Mungu hesabu yake yote. Akiupata mkoa angejenga wodi ya vidonda katika kila wilaya. Miguu mingi, mingi sana, ingepona kwa kungoja kwa mguu mmoja. Je, haya si makusudi mema? Je, mtu kutamani kumfanyia Mungu kazi kubwa ni dhambi? Sauti iliyomjibu ndani yake ilikuwa tamu, ilijua Maandiko, na ilimwita Mtumishi. Taabu yake ilikuwa kwamba zamani aliifahamu sauti ya wito, ilivyokuwa fupi na isiyo na maelezo: nenda ukamwoshe. Hii ya sasa ilikuwa na maelezo mengi. Tamaa na wito vilikuwa vinakaa nyumba moja, vinakula sahani moja, na yeye mwenye nyumba alikuwa amechoka kuuliza ni nani anayebisha hodi. Aliinuka kwenye magoti akiwa na hofu, na hofu hiyo akaiita uchaji.

Mkewe, Sekela, mwalimu wa shule ya msingi, alimsikiliza mezani, kisha akasogeza sahani yake pembeni.

"Baba Lusajo, ngojangoja huumiza matumbo, na hii ya kwako itaumiza mguu. Wewe huombi kidonda kipone. Unaomba kingoje."

Ambakisye alimwambia hajui mambo ya utumishi. Sekela akasema ni kweli, hayajui, akaanza kuondoa vyombo. Wiki ile ikapita, na ya pili, na ya tatu. Kila asubuhi Ambakisye alilitazama gari lake lililooshwa likang'aa, na kila asubuhi alipata sababu.

Siku ya Beseni ikafika. Uwanja wa Unyonge ulijaa, watu wakigombea viti vya nyuma kabisa hata vya mbele vikawa vitupu, ikabidi askari wawaburute Wengineo kuja kuvijaza. Mdogo wa Wote, ambaye hata hapo uwanjani alikuwa amechimbiwa shimo lake, aliteremshwa humo kwa ngazi ya dhahabu. Mwenye shughuli alikuwa Katibu wa Beseni, Mtumishi Lutengano, mtu mwenye sauti laini kama ya mgonjwa na mwili ulionenepa kwa kufunga. Yeye ndiye aliyeikagua miguu kabla haijapanda jukwaani, kwa sababu mguu mchafu haukubaliki kwenye sherehe ya kuosha miguu. Miguu yote ilikuwa imeshaoshwa tangu jana yake, na Wengineo, kisha ikapakwa mafuta.

Alipofika kwa Mama Tusajigwe, Katibu aliziba pua kwa leso. Alisema pua ya Mdogo wa Wote ni pua nyenyekevu, haijazoea mambo makubwa. Akaagiza mguu wa kushoto usukumwe nyuma chini ya kiti, ufunikwe kitenge cha sherehe chenye picha ya beseni, kisha kimwagiwe manukato. Wa kulia ubaki mbele.

Ambakisye aliyaona hayo yote akiwa amesimama kando na taulo begani. Angeweza kusema neno. Neno lilifika mpaka kwenye meno, hapo likakutana na jina lake linaitwa kwa kipaza sauti, likarudi.

Akapiga magoti. Beseni lilikuwa la fedha, maji yalikuwa na waridi. Kipaza sauti kiliwekwa karibu na maji ili nchi nzima isikie redioni mtiririko wa unyenyekevu. Ambakisye aliinamisha kichwa, akaushika mguu wa kulia, mzima, laini kwa mafuta, akaanza kuuosha polepole kama zamani. Kutoka nyuma ya kitenge, chini ya manukato, harufu ilimfikia. Aliifahamu kuliko mtu yeyote uwanjani pale. Ilikuwa imekuwa mbaya mno.

Ndipo Mama Tusajigwe alipomwinamia. Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayemkumbusha mwenzake aliyesahau, naye hakujua kipaza sauti ni kitu gani.

"Mtumishi, huo ni mzima. Unaouma ni huu."

Uwanja mzima ulisikia. Nchi nzima ilisikia. Maji yaliacha kutiririka, na kwa muda Ambakisye alidhani kwamba amepona, kwamba sasa mambo yote yamekwisha, wataaibika wote na gari litaondoka saa hiyo hiyo kwenda hospitali. Hata mimi, kama ningekuwapo, ningedhani hivyo.

Lakini Katibu wa Beseni hakuwa Katibu bure. Alikwenda kwenye kipaza sauti, akafuta jicho.

"Ndugu Wadogo," alisema, "kuosha mguu unaouma ni kazi ya nesi. Hata mpagani huosha kidonda, maana anatarajia kipone. Lakini kuosha mguu usiohitaji kuoshwa, bila faida yoyote kwa mwenye mguu, huo ndio utumishi uliotakata. Leo tumeuona!"

Makofi yalilia mpaka vumbi likainuka. Ambakisye akiwa bado na mguu mzima mikononi alitangazwa Mdogo wa Mkoa.

Baada ya uteuzi kuna taratibu. Kulikuwa na ibada ya shukrani, ambayo ilichelewa kuanza kwa sababu mnazozijua. Kulikuwa na karamu ya kujinyima, iliyochukua siku nzima. Gari la wilaya lilipaswa kurudishwa, na gari la mkoa lilipaswa kwanza kuombewa. Lilipopatikana, Ambakisye aliwakimbia walinzi wake, akaendesha mwenyewe, Mama Tusajigwe amelazwa kiti cha nyuma akiweweseka kwa homa, Bupe akimshikilia. Njia nzima Ambakisye alimwita jina lake. Hospitalini daktari aliukata mguu juu ya goti, akasema roho imepona kwa rehema, mguu ulikuwa wa kuletwa mwezi uliopita.

Taifa lilipopata habari lilifurahi sana. Hebu tazameni, magazeti yaliandika: mguu uliooshwa na Mtumishi uko salama, na ule ambao hakuugusa umekatwa! Ushahidi gani tena unatakiwa? Wagonjwa wakaanza kumletea miguu yao mizima aiguse. Na ule uliokatwa, kwa kuwa ulikuwa mali ya wilaya, ikaamriwa uzikwe kwa heshima zote za kitaifa. Kaburi lilijengwa kwa vigae, dogo, zuri, na Mdogo wa Mkoa akapangiwa kuhubiri.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Ambakisye hakufungua Biblia, aliogopa itamsaidia kupata maelezo. Asubuhi alisimama kaburini mbele ya umati, uso umempauka.

"Mguu huu haukufa kwa mapenzi ya Mungu," alisema. "Nesi aliniambia mapema. Gari lilikuwa langu. Nilikingojesha kidonda ili niupate mkoa. Mimi ndiye niliyeukata."

Mahali fulani mama mmoja akaanza kulia. Halafu yakaja makofi, machache, kisha mengi, kisha vigelegele. Katibu wa Beseni alimkumbatia akitokwa machozi ya kweli, ya wivu nadhani, akautangazia umati kwamba nchi haijawahi kuona mtu msafi kiasi hiki akijitwisha dhambi asiyoitenda. Ambakisye alipaza sauti kwamba aliitenda. Wakasimama kumpigia makofi. Akasema anaacha cheo, na hapo hata Mdogo wa Wote, kule shimoni, alionekana kwenye pazia lililoletwa makaburini akiuma midomo, kwa kuwa wazo la kujiuzulu halikuwa limemjia. Jioni hiyo redio ikatangaza kwamba Ambakisye amekuwa Naibu Mdogo wa Wote.

Ndivyo ilivyokuwa katika nchi ile. Mtu akiiba alifungwa, akitubu alilipwa, na asiyetaka malipo alilipwa zaidi. Ambakisye alikaa nyumbani akalia kwa uchungu, na hata akilia aliwasikia walinzi dirishani wakisifu jinsi anavyolia.

Jumamosi iliyofuata, mchana, wakati walinzi wanakula, alitoka kwa mlango wa uani. Alikuwa amelichukua beseni la bluu, ambalo Sekela alikuwa akilitumia kulowekea mihogo. Alipita nyuma ya migomba mpaka nyumba ya Mama Tusajigwe, akamkuta ameketi kwenye mkeka, gongo limelazwa pembeni, mguu uliobaki umejaa vumbi la uani na kigutu kimefungwa kitambaa kilichoanza kuloa.

Alipiga hodi, akapiga magoti pale pale mlangoni. Akaanza kuomba msamaha.

"Ya kaburini niliyasikia redioni kwa jirani," Mama Tusajigwe alisema. "Walipiga makofi sana."

"Ndiyo, mama."

"Mimi bado sijapiga."

Kisha akasema kwamba atamsamehe, maana ameagizwa kusamehe na aliyemwagiza ni mkubwa wao wote wawili, ila asilie mbele yake, kwani alishalia mbele ya watu. Maji yako jikoni. Chumvi iko pale ilipokuwa zamani.

Ambakisye alichemsha maji, akatia chumvi, akayapima joto kwa kiwiko. Aliporudi, mjane alilitazama beseni na ufa wake, uso ukalegea kidogo.

"Funga mlango, mwanangu," alisema.

Akafunga. Chumba kikawa na mwanga wa dirisha dogo tu. Alipiga magoti, akafungua kitambaa cha kigutu, akaliona jeraha, na moyoni akaomba kitu kimoja tu, kwamba lipone na asijue mtu. Aliomba kwa moyo wote, nawathibitishia. Lakini nje hatua za mtu zilipita juu ya majani makavu ya mgomba, zikapungua, kama za mtu anayetaka kuchungulia. Mkono wa Ambakisye ulisita ndani ya maji. Kichwa kikageuka kuutazama mlango, mgongo ukanyooka wenyewe, na mikono, ambayo ilikuwa imeshafundishwa, ikaenda ikaushika mguu mzima.

Mama Tusajigwe alingoja hatua zile zipite. Kisha akaushika mkono wake, akautoa pale, akauweka penye jeraha.

"Ni huku," alisema.